Gundi

Meza yangu ni mlango wa friji lililokufa,
nimeulaza juu ya kreti mbili, Mtaa wa Kiusa, Moshi mjini.
Nina bisibisi saba, mswaki mkukuu,
spiriti kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Kibo ilikuwa bado imejifunika
alipokuja Aikande, muuza ndizi wa Mbuyuni,
akaiweka simu kifudifudi
kama mtu anayetupa karata mbaya.
"Imejifunga," akasema. "Siku mbili sijapeleka rejesho."

Nikaigeuza. Kioo cheusi, maandishi meupe,
Kiswahili sanifu, adabu tele:
Mpendwa mteja, kifaa hiki kimesitishwa.

Mpendwa!
Mume wangu, miaka kumi na tisa, hajaniita hivyo hata mara moja,
lakini pia hajawahi kunifungia mlango.

Benchi langu likaanza.
Benchi langu ni bunge lisilo na posho.
Mwalimu Ndelilio, anayeisubiri redio yake tangu Pasaka, alisema
kosa ni la serikali:
"Ukiniuzia mbuzi, niachie na kamba.
Huwezi kukaa ng'ambo huko
ukaivuta kila jua likizama."

Shafii wa Pasua akang'oa kidude kimoja sikioni.
"Deni ni deni, Mwalimu. Bila mkopo
mama angeitoa wapi simu ya laki tatu na nusu?
Alikubali mwenyewe."

"Alikubali nini? Alibonyeza!
Kurasa arobaini na moja, herufi za sisimizi,
foleni nyuma yake, mtoto mgongoni!"

Mwenye bodaboda akaingilia na tozo:
ukituma wanakata, ukitoa wanakata,
ukiuliza umebakiwa na nini, hapo napo.
Shafii akamuuliza barabara anayopitia imelipwa na nani.
Akamjibu: "Ipi? Ile ya mashimo?"

Mzee mmoja, mgeni kwangu, hakusema kitu.
Alitoa simu yake ya tochi
akaiachia ianguke sakafuni, makusudi.
Betri huku, mfuniko kule.
Akaokota, akaunga, akapiga.
"Haloo, mmeshamkamulia yule mwenye ndama?"
Hoja yake ikaishia hapo.

Mimi hakuna aliyeniuliza.
Ningeulizwa, ningesema gundi.
Zamani simu ilikuja na skrubu, na skrubu ni salamu:
aliyekuunda alijua utaharibika,
akamwachia mwenzake pa kuingilia.
Siku hizi nafungua kwa kikausha nywele
na kadi ya benki iliyokwisha muda,
nakuta betri imeng'ang'ania
kama kidonda kilichogandia shuka.
Hiyo siyo bahati mbaya. Kuna mtu alilipwa mshahara
kukaa mezani akafikiria
namna ya kunizuia mimi.

"Fundi, hakuna njia?"
Njia ipo. Wako vijana Arusha, elfu ishirini.
Mimi naijua nusu,
na nusu ile ndiyo inayoniogopesha.

Ndipo Aikande akasema lililomleta.
Hakuwa akililia picha wala muziki.
Madeni yake yamo humo,
yale ya watu waliochukua ndizi kwa mdomo.
"Wanaonidai mimi wananiona mpaka kitandani.
Ninaowadai, nimefungiwa nisiwaone."

Benchi likanyamaza. Hata Shafii.

Akaomba boksi. Nilikuwa nalo moja,
la kampuni ileile, jeupe, gumu, zuri kuliko kadi ya harusi.
Akalipasua, akalilaza gotini,
akaazima kalamu ya Mwalimu na kufumba macho.
Manka, mikungu miwili ya mchare.
Mama Nderingo, elfu saba, kasoro mia tano.
Yule wa mgahawa mwenye pengo, mkungu mmoja, tangu mvua.
Akafika kumi na moja. Wa kumi na mbili akagoma kuja.
Alikaa naye muda mrefu, midomo ikicheza,
kisha akaacha mstari mtupu.

Jioni nafagia, nikakiona kipande kilichobaki.
Upande mmoja: Dhamana mwaka mmoja.
Upande wa pili, kwa mwandiko wake,
alikuwa amejaribu tu kama kalamu inatoka:
Aikande Aikande Aika